Vitenge Vitano Mbele ya Kundi la Katuni

Kijana aliyeiba picha ya mjukuu wangu anaishi mji ambao sijawahi kufika, na mpaka leo nikimkumbuka mkono wangu unaniwasha. Nasema mapema, ili asiyependa ukali aachie hapa hapa.

Mjukuu wangu ana miaka kumi na tano. Tunaishi wawili Busia, upande wa Uganda. Ananiita Kukhu, kama watoto wa Kisamia wanavyowaita bibi zao. Maneno yake ni machache mno. Ukimtukana anainamisha kichwa. Mimi katika umri wake nilikuwa narudisha tusi kabla mwenzangu hajalimaliza, kwa hiyo ukimya huo ulinichosha, nikawa namwuliza, "Wewe ulizaliwa na nani?" Lakini mpe penseli. Akichora mbuzi unataka kuokota fimbo umfukuze kwenye mihogo.

Anapenda katuni moja ya msichana mwenye pembe mbili ndogo, anayevuka nchi saba kwa miguu akimtafuta mama yake. Hata mimi nimeitazama, na yule mama nikimpata nitamwambia yangu. Mtandaoni kuna kundi la watu wanaoipenda katuni hiyo, wa Kenya, wa Tanzania, wa kwetu, wanaandikiana kwa Kiswahili na kuposti picha wanazochora wenyewe. Mjukuu wangu alikaa kundini miaka miwili akisifu za wenzake. Kuposti ya kwake aliogopa.

Mwishowe alichora moja. Msichana wa pembe amefika mpakani, kikapu kichwani, nguo zimemjaa, anapita mbele ya meza ya forodha kama mtu aliyetoka kanisani. Hakuipeleka kundini moja kwa moja. Alimtumia kwanza kijana mmoja wa humo ambaye picha zake husifiwa sana, akamwuliza kwa adabu, "Kaka, inafaa?" Kijana akajibu, "Bado, mdogo wangu. Jitahidi." Baada ya siku mbili kijana huyo akaiposti yeye, kama yake. Jina lake chini, kubwa, kama bango la dukani. Na yale mazungumzo yao akayafuta yote.

Watu wakaimiminia sifa. Mjukuu wangu alipoposti ya kwake na kusema ni yeye aliyechora, wakamgeukia yeye. Mwizi! Mtoto wa kuiga! Admini, yaani mama anayesimamia kundi, akaiondoa picha ya mtoto, akamfungia asiposti, akamwandikia: kama ni yako kweli, leta karatasi uliyochorea. Picha ya simu hatuikubali, kila mtu anaweza kuihifadhi.

Karatasi. Nilimkuta mtoto amepindua godoro, amemwaga vitabu sakafuni.

"Kukhu, karatasi iliyokuwa juu ya meza iko wapi?"

"Ile yenye mikunjo?"

"Ndiyo."

Nilikuwa nimeitumia kuwasha sigiri, jiko letu la makaa. Makaa yalikuwa na unyevu, nikashika karatasi ya kwanza iliyokuwa karibu, nikaikunja bila kuigeuza nione upande wa pili. Chai ya asubuhi ile tuliinywa wote wawili. Nilipomwambia hakulia wala hakunilaumu. Alirudisha godoro mahali pake, akazichukua penseli zake zote akazitia ndani ya kopo la unga lililo tupu, akafunga kifuniko. Zikakaa humo wiki tatu. Shuleni alikwenda, chakula alikula, lakini mkono haukuchora hata mstari.

Hapo hasira yangu ilikosa pa kukaa. Nilimkasirikia kijana, nikamkasirikia admini, nikajikasirikia mimi kwa mkono wangu wa haraka. Sokoni Tororo, ninakouza vitenge, niliwafokea wateja mpaka jirani yangu wa meza akaniambia, "Dada, leo unauza au unapigana?"

Basi nikaingia kundini mwenyewe, kwa simu yangu. Nimesoma mpaka darasa la tatu, kuandika naandika, polepole. Posti yangu ya kwanza ilianza na neno "mwizi" na kumalizika na neno ambalo sitaliweka hapa. Iliondolewa kabla sijaweka simu chini. Kundi halitaki matusi. Sawa. Posti ya pili nikaanza kwa adabu yote niliyolelewa nayo: hamjambo wakubwa, hamjambo watoto, mmeamkaje, huko kwenu mvua imenyesha, wagonjwa wanaendeleaje. Nikawa bado sijafika kwenye jambo, nikatuma sehemu hiyo kwanza, wapokee salamu, ndipo niendelee. Ikaondolewa! Admini akaniandikia kwamba posti haihusu katuni.

Nikamtumia sauti. "Mama, mimi nimewasalimu watu wako na wewe umenifukuza mlangoni?"

Naye akanijibu kwa sauti, ya mtu aliyechoka. "Bibi, salamu zimefika. Lakini hapa tunaongea katuni tu. Na kama umekuja kwa ile kesi, nataka ushahidi. Sitaki hasira."

"Hasira ndiyo nimekuja nayo. Ushahidi niliuchoma."

"Basi, bibi, nisamehe."

Nikatupa simu kitandani. Kisha nikaiokota, maana nilikuwa sijasoma yale maneno ambayo watu waliyaandika chini ya picha. Nilisoma moja moja, kidole kwenye skrini. Mmoja alimwuliza kijana: mbona gauni lake lina pindo tano chini? Kijana akajibu: ni marinda, mtindo tu. Mwingine akauliza: ndani ya kikapu kuna nini? Akajibu: matunda ya uchawi.

Nilicheka mpaka mjukuu wangu akatoka chumbani kuangalia.

Marinda! Hapa kwetu mwanamke yeyote wa mpakani angemwambia ile ni nini, lakini angemwambia kwa kunong'ona. Mimi nimevusha vitenge kutoka upande wa Kenya tangu mama wa mtoto huyu akiwa mgongoni. Ukivibeba mkononi, ni bidhaa, unalipa ushuru. Ukivivaa, ni nguo zako. Unavifunga vitano, kimoja juu ya kingine. Cha bei kubwa kinakaa ndani kabisa, kilichopauka kinakaa juu. Kila kimoja unakifunga juu kidogo kuliko cha chini yake, pindo zipishane kwa upana wa kidole, kwa sababu zikilingana zinakuwa nene kama godoro na askari anaziona. Mafundo yote kushoto, maana meza ya forodha iko kulia. Na kichwani unaweka kikapu kitupu, askari apoteze muda wake akiangalia juu. Mjukuu wangu ameniona nikivaa hivyo tangu hajajua kutembea. Alimvisha msichana wa katuni jinsi alivyojua watu wanavyovuka nchi.

Kuyasema hayo mbele ya watu wote wale kungefika forodha, maana nao wana simu. Nililijua hilo. Nililifikiria muda wa kumenya ndizi za mchana, nikalimaliza.

Jumamosi asubuhi nikasimama uani, jua likiwa kali. "Shika simu," nikamwambia mtoto. "Nirekodi."

"Kukhu, watakucheka."

"Wacheke. Bonyeza."

Safari hii sikusalimia na sikutukana. Nikavaa. Cha kwanza, cha pili, mpaka cha tano, kila upindo nikiushusha na kuuonyesha kwa kidole, fundo kushoto, kikapu juu, nikatembea kutoka mlango wa choo mpaka jikoni kwa mwendo wa mpakani. Kisha nikakishusha kikapu na kukiinamisha mbele ya simu, waone hakina kitu. Nikasema: "Huyu ndiye msichana wenu wa pembe. Kijana anayesema alimchora, aniambie fundo liko upande gani na kwa nini. Akijibu, nitamwomba msamaha hapa hapa."

Posti hiyo haikuondolewa.

Mwanamke mmoja wa upande wa Kenya akaandika, "Mamangu alivuka hivyo hivyo, Busia ile ile!" Mwingine akaipanua picha, akalihesabia kundi zima pindo na kuwaonyesha fundo. Kushoto! Wakamwita kijana ajibu. Akasema alichora kushoto kwa sababu panapendeza. Wakamwuliza kuhusu kikapu. Akasema matunda yameliwa njiani. Nilitamani angekuwa mbele yangu nimpe kiti, aendelee kujichimbia.

Kabla ya jioni admini alikuwa ameiondoa picha ya kijana, akarudisha ya mjukuu wangu kwa jina lake, akaibandika juu kabisa ya kundi. Mimi akaniwekea alama ya mikono miwili iliyoshikana, ile ya kuomba radhi. Wiki tatu mtoto ameitwa mwizi, nami nashikishwa mikono ya kuchora. Nilimtumia sauti nikamwambia aandike msamaha kwa maneno, na amwandikie mtoto, si mimi. Akaandika. Nikasema afadhali.

Tororo nilipokewa vingine. Jirani yangu wa meza, ambaye tumevuka pamoja miaka mingi, alikuwa ameiona video.

"Umewafundisha forodha, dada. Sasa sisi tutakula nini?"

"Nimemtetea mtoto."

"Mtoto wako mmoja. Sisi tuna wangapi?"

Mtu akinishinda kwa neno namchukia siku nzima. Siku hizi havuki na mimi. Mpakani yule askari mwanamke ananiona kutoka mbali na kusimama kabisa: "Nyanya wa katuni! Leo umevaa vingapi?" Navibeba mkononi sasa, navipitisha mezani kwake kama bidhaa, nikiwa nimenuna.

Kijana naye alimwandikia mjukuu wangu. Nilikuwa nachambua maharage mlangoni, mtoto ameketi karibu yangu, akanisomea: kwamba alikosea, kwamba yeye ana watu wengi wanaomfuata, kwamba wakichora pamoja, jina lake na la mtoto, watafika mbali.

Nikaiacha sinia. "Lete hiyo simu! Mimi nitamjibu!"

Akaishika simu kifuani. "Hapana, Kukhu. Ameniandikia mimi."

Aliandika akiwa amenipa mgongo. Hakuchukua muda. Nikamwuliza amemwambia nini mbwa yule.

"Nimemwambia hapana."

"Hapana peke yake?"

"Peke yake."

Nikamwambia aongeze walau neno moja lenye makali, nikampa matatu achague. Akakataa yote, akarudi kwenye penseli zake.