Kisanduku Nilichokiosha kwa Maji ya Chumvi

Gari nililiosha kwa maji ya chumvi. Ndoo mbili, zote ndani, na moja niliimwaga juu ya dashibodi kwa mkono wangu mwenyewe huku nikipiga mluzi. Naanza na hilo kwa sababu kwa miaka mingi nimekisimulia kisa hiki nikiwalaumu watu wengine, na niliwalaumu kwa ufasaha mpaka mimi mwenyewe nikaanza kuyaamini.

Miaka ya tisini ilikuwa imebakia kidogo iishe. Nilikuwa na vani nyeupe iliyotoka ng'ambo ikiwa imeshatumika, na kazi yangu ilikuwa kukodisha viti na turubai kwa harusi na mazishi hapa Kakamega. Mara nyingine watu waliniomba niwabebee maiti kutoka mochari. Kazi hiyo ilinifaa kwa kuwa mimi ni mtu wa nyumbani. Napeleka viti, narudi kwangu, nalala kwenye kochi mpaka siku ya kuvichukua. Mke wangu aliwaambia wageni kwamba kochi letu lina miguu sita, minne yake na miwili yangu.

Kwetu gari likishabeba maiti huoshwa kabla halijabeba kitu kingine. Mtu mwenye akili hupitisha kitambaa chenye maji pale nyuma jeneza lilipokaa, basi, kazi imekwisha. Mimi niliambiwa na shangazi yangu kwamba chumvi inasafisha zaidi, nikaona kama inasafisha nyuma itasafisha na mbele. Nilisoma hadi kidato cha nne, na fizikia nilifanya. Mwalimu wetu alituletea betri, taa ndogo na bakuli la maji ya chumvi akatuonyesha jinsi umeme unavyopita humo ndani. Taa iliwaka. Tulipiga makofi. Siku ya kuosha gari sikukumbuka makofi wala taa.

Hiyo ilikuwa Jumanne. Jumatano asubuhi vani ilianza kujipigia honi. Ndani hamna mtu, ufunguo uko mfukoni mwangu, nayo imesimama chini ya dirisha la chumba cha kulala ikilia kama ng'ombe anayedai kukamuliwa. Nikaifungua, wipa zikaanza kupangusa kioo kikavu. Nikawasha taa, milango ikajifunga nikiwa ndani. Nilitokea dirishani, na mimi si mwembamba. Nilipochomoa waya wa betri ndipo ikanyamaza.

Jirani yangu alikuwa amesimama kwenye ua akitazama. Mama yake alikuwa amefariki wiki iliyotangulia, na tulikuwa tumekubaliana nikamchukue mochari Ijumaa saa saba mchana, afike nyumbani mapema, alale usiku mmoja katika nyumba yake kabla ya kuzikwa Jumamosi. Hilo kwetu si jambo la kukatwakatwa. Mama aliyelea watoto saba katika boma lile hawezi kutoka kwenye chumba cha baridi akaenda moja kwa moja shimoni kama mtu asiye na kwao.

"Jirani, hiyo gari inalia nini?" akaniuliza.

"Inalianga tu hivyo ikipigwa na baridi," nikamwambia. "Ijumaa iko sawa. Wewe shughulika na wageni, gari niachie mimi."

Akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akanishukuru. Nikikumbuka hivyo alivyonishika, nataka kujizaba kofi.

Nikaikokota vani hadi kwa fundi wa nyuma ya soko. Kwanza alisema ni fyuzi. Akabadilisha fyuzi zote. Halafu akasema ni waya, akavuta waya mpaka dashibodi ikawa kama kuku aliyepasuliwa. Alhamisi mchana, watu kama kumi wamekusanyika, honi ikalia yenyewe. Fundi akatoka chini ya usukani polepole, akajipangusa mikono.

"Mkubwa, hii gari ilibeba nani mara ya mwisho?"

"Mzee mmoja wa upande wa Mautuma."

"Alikufa aje?"

"Alikufa uzee! Alikuwa mzee, akafa!"

"Basi hajaridhika," akasema fundi, na wale watu kumi wakanung'unika kukubali. Mama aliyekuwa akiuza njugu pale pembeni alichukua beseni lake akahama.

Nilichemka. "Siku mbili umenibomolea gari, sasa ndio umefika kwa marehemu?"

"Mimi ni fundi wa magari, mkubwa. Hiyo ingine itisha pasta."

Na watu wakaanza kunipangia pasta, huyu anataja wa kanisa lake, yule anataja wa kanisa lake, karibu wapigane. Nilitukana. Sitaandika nilivyotukana. Lakini kilichonikasirisha zaidi ni kwamba ndani ya moyo nilikuwa nimeanza kufurahia maneno yao. Marehemu hawezi kuja kukana. Kama ni yeye, basi si mimi.

Nyumbani mke wangu aliniwekea obusuma, ugali wetu, na mboga, akakaa mbele yangu bila kula.

"Baba watoto, nenda umwambie jirani atafute gari ingine."

"Itapona kesho asubuhi."

"Nenda umwambie leo."

"Wacha nimalize kula."

Nikamaliza kula. Kochi likaniita. Jioni jirani mwenyewe akaja mlangoni na kofia mkononi, akauliza kama mambo ni shwari. Katika mkutano wa matanga alikuwa ameshatangaza mbele ya ukoo mzima kwamba usafiri uko, jirani amejitolea, na watu wakanipigia makofi nami sipo. Ningemwambia nini? Nikasema, "Iko sawa." Mke wangu aliingia jikoni akafunga mlango kwa nguvu kiasi cha jirani kuuliza kama ni upepo.

Ijumaa asubuhi mke wangu hakuniuliza kitu. Alienda mwenyewe akamleta pale kwa fundi mwanamke mmoja aliyesomea umeme wa magari chuo cha ufundi cha Sigalagala na aliyekuwa na kibanda chake upande wa pili wa mji. Yule mama alilala chali chini ya dashibodi na tochi mdomoni, na muda wa kunywa chai haukupita akatoka na kisanduku cheusi, kikubwa kama kitabu cha nyimbo za kanisani. Akakifungua. Ndani kulikuwa na kutu ya kijani na unga mweupe.

"Mzee," akaniambia, "hii chumvi imetoka wapi? Ulikuwa unapika ndani ya gari?"

Watu wakacheka. Fundi wa kwanza alicheka kuliko wote, yeye wa marehemu hajaridhika! Nikamwangalia mpaka akakohoa.

Yule mama akanieleza bila haraka. Kisanduku kile ndicho kinachoamrisha honi, wipa, taa na vitasa vya milango. Chumvi imechora njia ambapo hapakuwa na njia, kwa hivyo amri ya taa inafika kwenye milango. Hakipanguswi, kinabadilishwa. Fundi wa kwanza akaruka: anacho kingine, amekitoa kwenye vani iliyopinduka, kinafanana kabisa. Yule mama akasoma namba zilizobandikwa mgongoni.

"Namba za mwisho si sawa."

"Lakini vinafanana."

"Hata wewe na mimi tuna masikio mawili mawili."

Fundi hakungoja. Alikichomeka mwenyewe ili atuaibishe. Nikawasha taa ya kukata kushoto, wipa zikaanza kazi. Ilikuwa saa nne na nusu. Niliandika namba kwenye kiganja, nikapanda gari la kwanza lililosimama, mimi nisiyependa kuvuka hata lango langu, nikaenda hadi yadi ya magari yaliyokufa kwenye njia ya Kisumu. Nilikaa pale nikigeuza visanduku kimoja kimoja huku mwenye yadi akila chakula chake cha mchana bila kunyanyuka. Saa saba ilipita nikiwa nimeinama. Nilijua imepita. Niliendelea kumkasirikia mwenye yadi kwa sababu ndiye aliyekuwa karibu.

Nilirudi saa tisa na dakika kadhaa. Yule mama akachomoa waya wa betri kwanza, akangoja kidogo, akachomeka kisanduku, akakaza skrubu, akarudisha betri. Kimya. Akaniambia nijaribu kila kitu. Honi ililia nilipoibonyeza, ikanyamaza nilipoiacha. Wipa, taa, milango, kila kimoja kilisikia amri yake. Nikatoka mbio bila hata kumshukuru, jambo jingine la kunichapia.

Mochari, mhudumu alikuwa anaosha sakafu akiwa amevaa gamubuti.

"Wa huyo mama wameenda," akasema. "Walikungoja mpaka wakachoka. Ile kijana yake ilisimama hapo barabarani ikisimamisha kila kitu. Trekta ya miwa ndio iliwaonea huruma."

Kutoka pale hadi nyumbani kwa jirani nilifuata majani makavu ya miwa yaliyodondoka njiani. Trela lilikuwa bado limesimama langoni, limefagiwa vibaya, na blanketi la nyumbani limetandikwa kwenye mbao. Jeneza lilikuwa limeshaingizwa sebuleni. Wanawake walikuwa wanaimba. Turubai nililolifunga mimi mwenyewe Alhamisi lilikuwa limejaa watu, na wote wakageuka kunitazama.

Jirani alitoka akasimama mlangoni. Shati lake lilikuwa na masizi na majani ya miwa mabegani, maana alipanda huko nyuma ili amshikie mama yake jeneza lisiruke kwenye mashimo. Nilianza kusema. Nilimweleza kisanduku, nikamweleza fundi mjinga, nikamweleza namba za mgongoni na mwenye yadi na wali wake. Nilimweleza hata kwamba sasa honi ni nzima. Alinisikiliza mpaka nikaishiwa.

"Ungeniambia Jumatano, jirani, Jumatano ningepata gari," akasema. "Sasa toka hapo mlangoni, watu wanapitisha chakula."