Mahali Ambapo Mbwa Hawakubweka

Ukitaka kucheka, cheka sasa umalize, kwa sababu haya yalinipata mimi mwenyewe, mchana, nikiwa na akili zangu timamu. Mimi si mtu wa kuogopaogopa. Nauza mitumba hapa Nakuru, nimezika mume, nimelea watoto, na sikuwahi kulala na taa ikiwaka. Siku hizi nalala nayo.

Mama yangu alifariki kwetu Kakamega, na matanga ya kwetu si ya kwenda leo na kurudi kesho. Shida ikawa Bosco. Huyu mbwa alikuwa wa marehemu mume wangu, Baba Nekesa, aliyepasua mbao kule Elburgon mpaka kifua kikamshinda. Alimlea tangu akiwa mdogo wa kubebwa, na alimwita kwa mluzi: mmoja mrefu, halafu miwili mifupi. Siku ya kugawa nguo za marehemu mbele ya ukoo, kila mtu alipata chake, likabaki koti la kazi lililochanika kwapani. Shemeji yangu akasema, "Hili apewe Bosco. Na yeye ni mtu wa hapa." Watu walicheka huku wanalia. Tangu siku hiyo Bosco alilalia lile koti, na mimi nikimwona pale nilipata nguvu ya kuamka. Kumpoteza yeye kungekuwa ni kumzika Baba Nekesa mara ya pili.

Kwanza nilienda kwa mama mmoja hapa mjini anayeweka mbwa wa watu wanaosafiri. Mama wa gambuti, zile buti za mpira, sauti kubwa, na mbwa wake walibweka mpaka masikio yakaniuma. Halafu maswali. Amechanjwa kichaa cha mbwa? Kadi iko wapi? Anakula ugali mtupu ama na omena? Radi ikipiga anajificha? Nilimwona mdaku tu, na zile kelele nilishindwa kuzivumilia na msiba wangu. Nikamwambia nitarudi.

Nikiwa duka la dawa za mifugo, mteja mmoja akaniambia kuna pahali pengine, ukipita Elburgon, karibu na msitu, pametulia sana. Nami utulivu ndio niliokuwa natafuta. Jirani yangu anayebeba viazi kwa pikapu alitushusha kwenye njia panda, akasema atatupitia akirudi. Ukungu ulikuwa umeshuka, ule wa msitu wa Mau unaoingia mpaka ndani ya nguo.

Mwanamume alikuwa amesimama getini kama mtu aliyetuita. "Karibu, mathe," akasema. Mabanda safi, maji safi, ua mrefu. Mbwa walikuwa wengi, na niamini, hakuna hata mmoja aliyebweka. Wote walikuwa wameketi wakitazama geti. Vyombo vyao vilikuwa vimejaa nyama na hakuna aliyeigusa. Wewe umeona wapi mbwa akiacha nyama? Bosco, ambaye hubwekea hata kuku wa jirani, alijibana kwenye miguu yangu.

Nikangoja yule mtu aniulize jina la mbwa, chanjo, chakula. Hakuuliza. Alisema tu, "Umemletea nguo ya kulalia?" Nikampa lile koti nililokuwa nimembebea Bosco, bila kufikiri, kwa sababu mtu akikuomba kitu kwa heshima unampa. Akalishika, akalinusa kidogo. "Leo kuna baridi," akasema, akalivaa.

Alinipa mgongo, na bega lake la kushoto lilikuwa limeshuka, vile la Baba Nekesa lilivyoshuka kwa kubeba magogo. Kisha akapiga mluzi. Mmoja mrefu, halafu miwili mifupi.

Bosco akaenda. Nilimwita, hakugeuka. Alitembea polepole, mkia chini, kuelekea banda lililokuwa wazi, na mbwa wengine wakasogea kumpa nafasi. Sasa nikuambie jambo ambalo hata Nekesa binti yangu sijamwambia. Mguu wangu pia ulipiga hatua. Nilikuwa nimemkosa mume wangu kwa uchungu ambao siwezi kuueleza, na huyo mtu alikuwa na mgongo wake.

Maneno yaliyonitoka sijui yalitoka wapi. Nilisema kama watu wanavyosema siku ya kugawa nguo, kwa sauti ya kusikiwa na ukoo wote: "Hilo koti lina mwenyewe. Bosco alipewa mbele ya watu. Wewe hukuwepo, na hukugawiwa kitu. Livue."

Alisimama. Hakugeuka. Alitoa mkono mmoja, akatoa mwingine, akaliacha koti lianguke kwenye nyasi, kisha akapotelea nyuma ya mabanda, na sikusikia hatua zake. Bosco akabweka. Na wale wengine wote wakaanza kulia kwa pamoja, kilio cha mbwa aliyeachwa, nami nikanyakua koti, nikamvuta Bosco, tukakimbia. Jirani alipotukuta barabarani aliniuliza tunakimbia nini. Mimi bado nilikuwa nawasikia wale mbwa. Yeye hakusikia kitu.

Kesho yake nilirudi kwa yule mama wa gambuti nikajibu maswali yake yote. Alimtazama Bosco akaniuliza, "Huyu ameogopeshwa na nini?" Nililia pale pale mbele yake. Koti nililipeleka nyumbani kwao Baba Nekesa, shemeji akalifukia kando ya kaburi lake.

Kwa hivyo wewe unayetafuta pa kumwacha mbwa wako, simama kwanza nje ya geti usikilize. Kelele zisikukere. Ukipata mtu asiyekuuliza mbwa wako anakula nini, ondoka na mbwa wako mara moja, hata kama pamesafishwa vipi, hata kama umechelewa msibani.

Jioni za mvua bado nausikia ule mluzi nje ya geti letu. Bosco huinua kichwa, halafu hunitazama. Mimi humshika shingo kwa mikono miwili mpaka mluzi unyamaze. Nekesa hudhani ni Bosco ninayemzuia asitoke.