Sahani Iliyorudi Tupu

Kwetu sahani ya jirani hairudishwi tupu. Ukiletewa maharagwe, unarudisha sahani na mayai mawili, au ndizi, au hata kiganja cha chumvi kama siku hiyo nyumbani hakuna kitu. Mama yangu alikuwa mkali kwa jambo hilo kuliko kwa sala. Nilipokwenda Doha kufanya kazi za ndani niliibeba desturi hiyo pamoja na leso zangu, na ndiyo sababu mpaka leo nikikuta sahani imeoshwa, imekaushwa, imeachwa mahali peke yake, lazima niiondoe machoni.

Niliingia Qatar mwaka 2008. Nilitoka soko dogo la Bonde la Ufa ambako, mwanzoni mwa mwaka huo, baada ya uchaguzi, watu waliozaliwa pamoja walikuwa wanaulizana swali moja tu: wewe ni wa upande gani? Nyumba zilichomwa au ziliachwa kulingana na jibu. Yetu iliachwa. Kuna kitu nilikula mwezi huo ambacho sikuwa nimemwambia mtu yeyote. Nitakitaja nikifika, msinikimbize.

Nyumba niliyofanyia kazi ilikuwa Muaither, pembezoni mwa Doha, na wafanyakazi tulikuwa watatu. Mimi nilikuwa wa kufagia, kufua na kupiga pasi. Mpishi alikuwa mama wa Sri Lanka aliyenizidi miaka ishirini, mnene wa mikono, mwepesi wa kucheka. Wa tatu alikuwa dereva, Msri Lanka pia, mwanamume wa miaka thelathini hivi aliyelala kwenye chumba cha kando ya lango. Mpishi nilimwita Akka, yaani dada mkubwa. Dereva naye alimwita Akka, ingawa lugha za nyumbani kwao ni mbili tofauti kabisa, na sisi sote watatu tulielewana kwa Kiarabu kilichovunjika cha jikoni. Kwa kuwa wote wawili ni wa kisiwa kimoja, mimi nilidhani ni kitu kimoja. Nyani haoni kundule. Mtu aliyetoka Bonde la Ufa mwaka ule alipaswa kuwa na akili zaidi.

Akka alikuwa na sheria moja: sahani ya dereva inapakuliwa kwanza. "Anakula peke yake," alisema. "Anayekula peke yake asile cha baridi." Kazi yangu ilikuwa kuipeleka mpaka dirishani kwake. Siku ya kwanza aliporudisha sahani tupu nilimtania kwamba kwetu hayo ni matusi makubwa, na maskini akalichukulia kwa uzito. Tangu siku hiyo sahani ilirudi na tende mbili, au chungwa, au peremende. Mara moja, alipokosa kabisa, aliweka maua ya bugenvilea yaliyoanguka ukutani, na Akka akacheka mpaka akashika ubavu.

Asubuhi moja Akka alikuwa anachagua mchele kwenye sinia kubwa. Mimi nilikuwa nakunja nguo, na katika maongezi nikamwuliza kwao ni upande gani. Swali lile lile, na mimi ndiye niliyelikimbia. Akausambaza mchele, akausukumasukuma kwa ncha za vidole mpaka ukawa umbo la kisiwa, kipana chini, chembamba juu.

"Zamani mafi wahid balad," alisema. "Talata." Zamani haikuwa nchi moja. Zilikuwa tatu.

Akachora mito kwa kidole. Juu ni Rajarata, nchi ya wafalme, waliochimba mabwawa makubwa ya kumwagilia mpunga. Huku katikati mpaka pwani ya magharibi ni Maya. Na chini, ng'ambo ya mto mrefu, ni Ruhuna, na hapo akajipiga kifuani, kwa sababu yeye ni wa Ruhuna. Alisema mfalme wa juu aliponyang'anywa kiti alikimbilia Ruhuna. Watu wa Ruhuna walimlisha, wakamficha, kisha wakapanda naye kwenda kukirudisha. Mwana wa pekee wa Akka alikuwa mwanajeshi, na wakati huo alikuwa huko juu, vitani. Hilo alilisema kwa sauti ndogo.

Dereva alikuwa amesimama mlangoni, amekuja kuchukua orodha ya vitu vya sokoni. Sijui alikuwa amesikia kiasi gani. Alisogea, akaweka kidole kwenye ncha ya juu kabisa ya kile kisiwa cha mchele.

"Akka, hapa?"

"Rajarata."

"La. Hapa kulikuwa na mfalme wetu. Mwingine."

Akka alilitikisa sinia mara moja, kisiwa kikapotea, akaendelea kutoa mawe. Dereva alichukua orodha akaenda zake. Baadaye ndipo nilipojua kwamba mama yake mzazi alikuwa anaishi pale alipoweka kidole.

Miezi ya mwanzo ya 2009 vita vya kisiwa chao, jeshi la serikali na wapiganaji wa upande wa dereva, vilisogea kwenye ncha ile. Kila Ijumaa, watu wakitoka msikitini, dereva alisimama kando ya gari akipiga simu kwa jirani wa mama yake. Mwanzoni jirani alipokea. Kisha simu ikawa inaita tu. Ilipofika Machi haikuita tena, na bado aliipiga, akaiweka sikioni, akasimama juani akisikiliza kitu ambacho hakikuwepo. Alikonda. Sahani ilirudi na nusu ya chakula, na juu yake, bila kukosa, zile tende mbili. Akka aliona yote hayo, akaanza kumchagulia kipande cha samaki kilicho kinene. Naye alikuwa anasubiri simu ya mwanawe. Watu wawili walikuwa wanangoja habari kutoka mahali pamoja, kila mmoja akiogopa kile alichokiomba mwenzake, na mimi nilikuwa nabeba sahani katikati yao kama mjinga.

Siku moja ya Mei simu ya Akka iliita asubuhi. Alikaa chini sakafuni kabla hajamaliza kusikiliza. Alikuwa mwanawe, mzima, na vita vimekwisha. Alilia, akanikumbatia kwa mikono yake yenye unga, kisha akainuka akapika kiribath. Huo ni wali unaopikwa kwa tui zito mpaka ukashikana, ukakandamizwa kwenye sinia na kukatwa vipande vya pembe nne, na unaliwa kwa pilipili iliyopondwa pamoja na vitunguu. Ni chakula cha heri: mwaka mpya, nyumba mpya, mtoto amezaliwa. Jikoni kulinukia vizuri mno.

Lakini kando, juu ya friji, alikuwa ameweka sahani ya dereva, dengu na mkate, imefunikwa. "Hii ndiyo ya dereva leo," aliniambia, akaenda kuoga.

Nilisimama nikiitazama ile dengu. Nikaona ni uchoyo. Siku ya furaha kama ile, mtu aliyekonda vile apewe dengu? Nikaimimina dengu sufuriani, nikamkatia kipande kikubwa kuliko vyote, nikakiweka kwenye sahani yake, na nitasema ukweli, nilijisikia mtu mwema.

"Kula, kaka," nilimwambia dirishani, meno yote nje. "Akka amepika. Harb khalas." Vita vimekwisha.

Alitazama sahani. Alinitazama mimi. "Khalas," alirudia, taratibu. Akaipokea kwa mikono miwili, akafunga dirisha.

Nilipomwambia Akka, akiwa bado anafunga nywele, alijiziba mdomo.

"Mimi nimepika kwa ajili ya mwanangu," alisema. "Sikupikia vita."

"Si ni mamoja?"

"Kwake si mamoja. Leo kwetu watu wanapika hii barabarani, wanawalisha askari. Atadhani nimemlisha ushindi. Nenda ukaichukue, upesi!"

Nilikwenda mbio. Dirisha lilikuwa limefungwa na gari halikuwepo. Alikuwa ameitwa kuwachukua watoto shuleni. Alasiri niliikuta sahani kwenye ukingo wa dirisha la jikoni. Ilikuwa imeoshwa na kukaushwa. Hapakuwa na tende, wala chungwa, wala jani.

Tulimwomba radhi, mimi na Akka, kila mmoja kwa wakati wake, na kila mmoja alijibiwa "mafi mushkila," hakuna tatizo, akiwa ametazama pembeni. Baada ya miezi miwili aliomba kuhamishiwa kwa ndugu wa tajiri wetu huko Al Wakrah. Mwaka 2011 Akka alirudi kwao kuwalea wajukuu. Aliniachia ile sahani, yenye ukingo wa kijani, pamoja na agizo. "Ukimwona, mwambie mimi nilimwekea dengu."

Ilichukua miaka mitatu. Nilikuwa nimeshahamia Lusail, nafanya usafi kwenye ofisi za wajenzi, na kwetu Kenya mikoa ilikuwa imevunjwa ikawa kaunti, tukaambiwa sasa mambo ya upande gani yamekwisha. Ijumaa moja nilikwenda Al Wakrah kumtembelea Mkenya mwenzangu, nikamkuta dereva kwenye duka la pembeni ananunua kadi ya simu. Alikuwa na mvi. Alinijua kabla sijamjua, akaninunulia chai ya maziwa, tukainywa tumesimama kivulini.

Nilimwuliza kuhusu mama. Aliniambia alipata habari Julai ile ya 2009, kutoka kwa binamu aliyekuwa kambini. Mama yake alifia kwenye handaki, siku mbili kabla ya ile sahani.

Maneno ya Akka niliyokuwa nimeyatunza miaka yote yakanitoka yote pamoja: kwamba ni mimi, si yeye, kwamba yeye alimwekea dengu, kwamba wali ule ulikuwa wa mwanawe.

"Kama ingekuwa dengu, ningeiacha," alisema. Alikuwa anatazama kikombe. "Nilikuwa sijala siku tatu. Nilifunga dirisha. Nilijua watu wanaupikia nini. Ana akil. Kullu." Nilikula. Wote. "Nikalamba vidole. Mama alipika wali wa maziwa siku ya mavuno, na sukari. Ladha ilikuwa karibu ile ile. Halafu nikaosha sahani, nikatafuta cha kuweka. Tende zilikuwepo, mfuko mzima. Mkono ukakataa. Mtu aliyekula vile anarudisha nini?"

Miaka mitano nilikuwa nimeamini ni hasira. Hasira ningeiweza. Nilisimama pale na chai yangu ikipoa, nikaogopa, kwa sababu nilijua ni nini kinachofuata, nacho kilikuwa changu.

Wahenga husema mla ni mla leo, mla jana kala nini? Nami najua nilichokula jana. Nilimwambia. Januari ile, jirani yetu wa ng'ambo ya barabara, yule aliyekuwa akituletea maharagwe, alikimbia na mtoto mgongoni na godoro kichwani. Siku ya tatu baba aliingia na kuku watatu wamefungwa miguu. Hatukumwuliza kitu. Mmoja nilimjua, mwekundu, asiye na mkia, ambaye watoto wa jirani walikuwa wakimfukuza uani. Nilimnyonyoa mwenyewe na kumpika, nikapakua. Nilipofungua kabati nitoe vyombo, sahani ya yule mama ilikuwa hapo, inangoja kurudishwa na kitu. Nikachukua iliyokuwa chini yake.

Dereva alimalizia chai yake. Kisha akaniuliza, bila ubaya wowote, kama mtu anayeulizia njia.

"Alikuwa mtamu?"

Nikamwambia ndiyo.