Beseni la Maganda ya Muhogo

Punda wetu aliogopa maji kuliko nilivyoogopa mkono wa baba. Alikuja Kindu kwa treni kutoka kusini, kabla vita havijakata reli, na hata dimbwi la mvua alilizunguka. Majirani wetu wa mtaa wa Kasuku walimcheka. Baba hakucheka. Habari zilikuwa mbaya kila juma, na siku ya kukimbia tungevuka mto Lualaba, kisha tutembee porini siku nyingi. Punda angeogelea kando ya mtumbwi, amefungwa kamba. Bibi, mamake baba, alikuwa na goti bovu. Bila punda wa kumbeba ng'ambo, hangefika popote.

Bibi mwenyewe ndiye aliyemfundisha. Alitia maganda ya muhogo ndani ya beseni la maji, ili punda alowe pua akitaka kula. Kila asubuhi nililisogeza beseni hatua moja kuelekea mtoni. Moja tu.

"Usimulazimishe," aliniambia. "Woga haitoke kwa fimbo."

Nilikuwa msichana wa miaka kumi na mitano, mwenye hasira za karibu. Asubuhi moja bibi alishikwa na homa, nami nikaliburuta beseni mpaka majini kabisa. Punda akagoma. Nilimvuta, nikamchapa, nikammwagia ndoo nzima usoni. Akakata kamba akakimbilia nyumbani. Nilisema kamba ilikuwa kuukuu.

Juma lililofuata bunduki zililia. Ukingoni punda alikita miguu. Baba akasukuma, mimi nikavuta, wapi! Mwenye mtumbwi alikuwa anaondoka. Baba alichuchumaa ambebe bibi, lakini mgongoni tayari alikuwa na mdogo wangu.

"Muende," bibi alisema. "Nitabakia na huyu. Mukirudia, mutakuta amezoea maji."

Tuliporudi, baada ya miezi mingi, jirani alituonyesha kaburi nyuma ya nyumba. Ilikuwa homa, na dawa hazikuwepo. Alitusimulia kwamba bibi alianza upya kutoka uani, akijikokota na beseni lake, hatua moja kwa siku. Alipofariki, punda alikuwa akiingia mtoni mpaka tumboni. Wenye bunduki walimchukua, wakamvusha bila shida yoyote.

Baba sasa ni mzee. Kila tukivuka kwenda shambani, hutazama maji, halafu huniuliza polepole: "Mwanangu, ni nini ilimupata yule punda siku ile?"

Mimi humjibu kwamba wanyama ndivyo walivyo. Lakini juzi, katikati ya mto, nilichoka kusema uongo. Nikamwambia yote: beseni, fimbo, ndoo. Nililia mbele ya mpiga kafi bila kuona haya.

Tulipofika, baba alinipa mkono nishuke.

"Najua," alisema. "Bibi yako aliona alama ya fimbo kwa mugongo ya punda. Alinikataza kukulazimisha. Alisema utasema mwenyewe."