Mto Ulipokuwa wa Kahawia

Mume wangu alinifundisha kuusoma mto kabla sijaukanyaga. Alikuwa ameanza kuvua trauti, samaki wa mito ya baridi, miaka mitatu nyuma, kupitia mwenzake wa kazini, na jioni za mwezi wa nne alikaa mezani kwetu huku ughaibuni, Greenbelt, akifunga uzi na manyoya kwenye ndoano ndogo mpaka zifanane na nzi. Mimi nikimenya viazi, yeye akinieleza. Theluji ikiyeyuka, maji ya mlimani huwa baridi mno na samaki hulala chini, hawali. Jua likiyapasha kidogo, wadudu hutoka mchana na trauti hupanda kuwadaka. Lakini mvua ikinyesha siku tatu mfululizo, kaa nyumbani. Maji yakiwa ya kahawia samaki haoni nzi, na mtu haoni anapokanyaga.

Mwaka huu kitengo chake kazini kilifungwa mwezi wa pili, akabaki bila kazi. Alikuwa hapo miaka kumi na sita. Akaacha kwenda kanisani, kisha akaacha kula. Wazee wa kanisa walikuja wakaomba naye, akaitikia amina kwa adabu. Binti yetu akimpigia kutoka chuoni, simu alinipa mimi. "Niko sawa," alisema kila nilipouliza. Kazi yangu ni kuhudumia wazee majumbani huko Upper Marlboro. Nabembeleza watu nisiowajua mpaka wanameza uji, na nyumbani kwangu nilikuwa nimeshindwa na sahani moja.

Alhamisi moja asubuhi nilimkuta anapakia fimbo ya kuvulia garini. Alikuwa amenyoa ndevu. Nilifurahi, nakiri.

"Unaenda wapi, baba?"

"Mlimani. Nikavue kidogo."

Nilikuwa namimina chai ya kumwekea kwenye chupa ndipo nikasikia mfereji wa paa bado unabubujika. Mvua ilikuwa imenyesha tangu Jumapili. Nikafungua simu nikatazama kipimo cha kina cha mto wake, kama alivyonionyesha. Mstari ulikuwa umepanda wima. Halafu nikaliona sanduku lake la zile ndoano za nzi, limebaki pale mezani.

Nikachukua koti, nikatoka.

"Nakwenda na wewe."

"Una kazi."

"Nimeomba ruhusa." Sikuwa nimeomba. Nilipiga simu kazini baadaye, kwenye choo cha kituo cha mafuta, nikidanganya kwamba naumwa tumbo.

Tulikwenda kwa muda wa karibu saa mbili kuelekea milimani Virginia, yeye akiendesha. Mto tuliusikia kabla ya kuuona. Ulikuwa na rangi ya chai ya maziwa, unaburuta matawi mazima, umefunika mawe yote ambayo mvuvi angesimama juu yake. Kwenye miti vichipukizi vyekundu vilikuwa vinatoka, na hakukuwa na gari lingine.

Alivaa ile suruali ya mpira inayofika kifuani. Fimbo hakuigusa. Kuna mkanda unaofungwa kiunoni ili mtu akianguka suruali isijae maji. Alikuwa ameniambia mwenyewe kwamba mtu haingii mtoni bila huo. Aliuacha unaning'inia, akaanza kushuka ukingoni.

Nikamkamata kwa nyuma, kwenye kanda za mabegani.

"Umekuja kuvua?"

Akasogeza mguu mmoja mbele.

Kwenye mafunzo ya kazi tunaambiwa tukimwogopea mtu tumuulize waziwazi. Nimewahi kumuuliza bibi kizee mmoja swali hilo bila kutetemeka. Kwa mume wangu mdomo uligoma mara ya kwanza.

"Unataka kufa?"

Alitazama maji. "Nimechoka, mama. Nilitaka mseme niliteleza."

Sikumwomba Mungu, sikumfariji. Nilipiga kelele kama kichaa, kwa Kikuyu, maneno ambayo sikujua bado ninayo, na nikamvuta mpaka sote tukakaa kwenye matope. Yeye hakulia. Mimi nilikuwa nimemshika, kanda zinanikata vidole. Sijui ilikuwa dakika ngapi. Niliogopa kumwachia hata mkono mmoja nipate kujipangusa kamasi.

"Nipe funguo," nikasema mwishowe.

Alinipa.

Mimi huogopa barabara kuu. Siku hiyo niliendesha na mkono mmoja, wa pili nimeshika shati lake, mpaka hospitali ya kwanza niliyoiona kwenye kibao. Muuguzi wa dharura alipouliza tatizo ni nini, mume wangu aliangalia sakafu. Nikasema mimi.

Walimlaza siku kumi na moja. Nilipokwenda kumwona mara ya kwanza aliniambia, "Umeniaibisha," akageukia ukuta. Nilikuwa nalia garini, nakausha uso, naenda kazini kuogesha watu.

Sasa yuko nyumbani. Dawa zinamfanya atetemeke mikono, na kila Jumanne anaonana na mshauri. Sitasema amepona. Zipo siku hainuki kitandani, na akikaa sana bafuni mimi husimama nje ya mlango nikisikiliza.

Jumapili iliyopita nilikuwa napiga pasi sare yangu, yeye amekaa nyuma yangu. Akasema, "Siku ile ungeniuliza hapa nyumbani, ningekudanganya."

Pasi niliiweka chini. "Na nikikuuliza kesho?"

Aliinuka akaichomoa pasi ukutani.

"Uliza tu," akasema.