Kona Aliyokwama Baba

Enzi zetu, sisi tuliokulia kwenye maghorofa ya Flemingdon Park, huku Toronto, Kanada, Jumamosi ilikuwa ya katuni, maandazi na kugombania kubonyeza lifti. Kwetu kulikuwa na la ziada: baba na fumbo lake la maneno. Alitandaza mezani karatasi ya miraba, penseli, kifutio na kamusi isiyo na jalada, akaanza kutunga. Alisema ni la jarida la jumuiya.

Mimi nilimshuku tangu mwanzo. Hilo jarida hatukuwahi kuliona.

Kazi yenyewe ilitoa jasho. Maneno yetu huishia kwa irabu, basi upande wa kulia ulimjaa a na i tupu, na kupata neno la kushuka nazo kulikuwa balaa. Akibadili neno moja, mengine matano yanabomoka. Alifuta mpaka karatasi ikatoboka. Kuanzia chai ya asubuhi hadi ugali wa jioni, fumbo moja! Watoto wa leo wakikwama sekunde tatu wanaiuliza simu, halafu wanasema wamechoka.

Na kila mara alikwama kona ya chini. Hapo ndipo alipotuita, mimi na kaka yangu Salimu.

"Wanangu, nisaidieni. Kile anachosongea ugali mama yenu, herufi tano."

Mama alikuwa pale pale jikoni, mwiko mkononi. Baba, mtu aliyefundisha Kiswahili Tabora miaka kumi, leo asijue mwiko? Nikaona hapa kuna namna. Siku hizo wazazi walitutisha kwamba tukizidi Uzungu tutarudishwa kwa bibi, nami nikaamini baba anatupima. Salimu alipofungua mdomo nikamkanyaga mguu, nikajibu mimi kwa Kiingereza, kumkomoa: mtihani wake sifanyi.

"Hilo haliingii kwenye miraba yangu," baba akasema taratibu. Akaikunja karatasi, kona ikiwa tupu. Ikawa hivyo miaka na miaka.

Alipofariki, nilikuta mafumbo yake kwenye sanduku la viatu. Kila fumbo lilikuwa na nakala mbili. Ya kwanza imejaa yote, hadi kona ya chini. Ya pili ni ile ile, ila kona imeachwa wazi. Jarida halikuwepo kamwe. Alimaliza kila kitu kwanza, kisha akatuachia nafasi, nami nikailinda isijazwe. Nililia, sifichi.

Sasa naishi Mississauga, mji wa jirani, nina meza kubwa na kamusi mpya, na fumbo moja hunichukua wikendi mbili. Juzi nilimwita binti yangu nikamwambia nimekwama, kile cha kusongea ugali, herufi tano. Akanyanyua macho kutoka kwenye simu, akanitazama kwa jicho la pembeni. Jicho lile nalijua, ni langu.

"Mama, come on. Wewe unajua hiyo."

"Sijui, mwanangu," nikasema. "Nisaidie."