Masalia ya Jikoni

Kwa mama yangu hakikutupwa kitu. Alikuwa na kibanda cha chakula kando ya barabara, Ngara, akiuza ndizi na nyama ya nguruwe. Maganda, makombo na maji ya kuoshea nyama vilikwenda kwa nguruwe wake. Mbolea ikaenda migombani. Ndizi zikarudi kibandani. Wakaja watu wa semina wakasema eti huo ndio uchumi wa mzunguko, wakampiga picha ameshika ndoo. Mama akacheka. Kwake ilikuwa akili ya kawaida, na alikwisha kumfundisha mdogo wake aliyeolewa Bukiriro.

Hao wa semina hawakutuambia kwamba homa ya nguruwe husafiri na nyama. Mtu ataila asidhurike. Nguruwe akinywa maji yaliyoiosha, yasiyochemshwa, amekwisha. Siku moja mama aliuziwa nyama rahisi mno, akamshukuru Mungu. Haukupita muda nguruwe wake wakaacha kula, masikio yakawa mekundu, wakaanguka mmoja mmoja. Bwana mifugo alikuja wote wameshakufa. Tukawafukia, akatueleza chanzo.

"Nimewalisha kifo kwa mkono wangu," mama alisema.

Asubuhi tulikuta shimo limefukuliwa, mizoga haipo. Nikiwakumbuka watu waliowafukua damu inanichemka mpaka leo, ingawa najua njaa haina adabu. Mama hakuwatukana. Alimpigia simu mama mdogo, hakupatikana, basi akajifunga kitenge tukapanda bodaboda. Mama mdogo alikuwa na majike wawili wenye mimba, na tangu afiwe na mume hakuwa na tegemeo jingine.

Alitupokea kwa furaha.

"Shikamoo dada. Mmekuja na bahati, leo kuna nyama. Kapita mtu na baiskeli, anauza bei ya kutupa."

Mama hakuitikia. "Maji ya kuoshea umemwaga wapi?"

"Nimwage? Si wewe uliyenifundisha? Nimewapa nguruwe."

Tulikwenda bandani. Majike wale walikuwa wazima kabisa, wanalamba ndoo, matumbo yamejaa. Mama akaketi palepale kwenye samadi, akaanza kulia. Mama mdogo akamshika bega, akauliza nani amefariki. Nikamweleza mimi.